Plasta Nyeupe Nyuma ya Dashibodi

Tulikuwa watu wanne: mimi, ndugu yangu anayenifuata, dada yetu kitinda mimba, aliyeshonwa nyuzi tatu mdomoni, na fundi wa umeme wa magari, mwenye kibanda cha mabati pale Ruiru. Nawataja wote kwa sababu nilichoahidi siku ile nilikiahidi mbele yao.

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikafulia watu nguo Makongeni, Thika, baadaye nikapata kazi kiwandani. Baba alizoea kuniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Walipoondoka, jina lile likawa kazi.

Gari la baba lilibaki kijijini kwetu Gatuanyaga juu ya mawe miaka sita, kuku wakitaga ndani. Ndugu yangu ndiye aliyelifufua. Alilifungia redio, akawa anabeba mayai ya majirani kuyapeleka Thika. Kisha ikaja Julai na baridi yake. Asubuhi moja yenye ukungu, dada yetu akiwa ameketi mbele, kioo kilijaa mvuke. Ndugu yangu akawasha feni ya hita, haikupuliza. Akawa anapangusa kwa kiganja huku anaendesha, na gari likaingia mtaroni. Dada akapasuka mdomo.

Nilimnyang'anya funguo jioni ileile. Nilikumbuka vizuri hewa ya moto miguuni mwangu nikiwa mtoto, nikiketi nyuma ya baba.

"Hita ilikuwa nzima," nilimwambia. "Umekata waya ukifunga hiyo redio yako."

"Sijagusa huko."

"Nani basi, kuku?"

Wiki nzima hatukusema lingine. Ndipo nikawapeleka wote Ruiru, fundi awe mwamuzi.

Manyunyu yalikuwa yakigonga mabati. Fundi alizunguka gari mara moja, mikono mfukoni.

"Madam, hii gari ina kitambulisho. Inaweza hata kupiga kura."

"Tafuta tu nani aliharibu feni."

"Mimi natafutanga shida. Mtu mtatafuta wenyewe."

Ndugu yangu aliniangalia. "Na ikipatikana si mimi?"

"Nitakuomba msamaha hapahapa, mbele ya fundi na mbele ya huyu mtoto."

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia. Shika tochi."

Alianza na fyuzi. Ilikuwa nzima. Akapiga magoti, akagonga mota ya feni kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio. Kimya. Akaichomoa plagi yake, akavuta nyaya mbili kutoka kwa betri, akaigusisha mota moja kwa moja. Ikanguruma.

"Feni haina makosa," alisema. "Moto ya betri ndio haifiki."

Nilimtazama ndugu yangu kama mtu aliyeshinda kesi. Fundi akatoa redio, akafuata nyaya zake moja moja kwa kidole. Hazikukaribia za feni. Basi akalala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, na alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika ncha ya waya uliokatwa kwa makini. Haukufungwa kwa utepe mweusi wa umeme. Ulikuwa umezungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, iliyogeuka rangi ya chai.

"Hii ni ya zamani," alisema. "Na si fundi alifanya."

Plasta ile ilikuwa ya mama. Baba alikuwa akiikata kwa meno ili kushikilia pamba kwenye mkono wa mama aliodungwa sindano. Ndipo nikakumbuka safari za mwisho za kliniki: mama mbele katika blanketi, feni ikimpulizia vumbi, kikohozi kikimkaba. Halafu safari zilizofuata, baba akiendesha dirisha likiwa wazi kidogo, akipangusa kioo kwa leso, mimi nyuma na chupa ya chai, feni akiwa ameshaikata ili mama apumue. Katika kumbukumbu nilikuwa nimehifadhi joto la miguu yangu tu.

Fundi akajifanya anatafuta koleo lililokuwa mkononi mwake.

"Haya, maitu," ndugu yangu akasema kwa upole. Alikuwa akisubiri.

Nilifungua mdomo.

"Fundi, unganisha," nikasema.

Waya ulipounganishwa, feni ilitema vumbi na manyoya ya kuku, na nikapata sababu ya kufunika uso. Tulirudi nyumbani Makongeni kioo kikiwa safi. Ndugu yangu ndiye aliyeendesha. Kesho yake aliacha funguo juu ya meza, akaenda Githurai 45, ambako hubeba magunia sokoni.

Yeye humpigia dada yetu simu. Mimi ndiye ninayempigia yeye.

"Umekula?"

"Nimekula."

Tunaishia hapo. Nimepika chapati Jumapili tatu nikimwita, hakuja. Dada yetu, ambaye mdomo wake umebaki na kovu, aliniambia, "Hukuahidi chapati."

Majuzi nilipita Ruiru kwa fundi, nikamuuliza kama Jumamosi atakuwepo.

"Feni imekufa tena?"

"Feni iko sawa."

Alijipangusa mikono polepole kwa kitambaa chake chenye grisi.

"Ulimwambia?"

"Bado."