Mashine ya London kwa Ng'ombe wa Butiama

Walisema sitavuka hata geti la uwanja wa ndege. Mjomba wangu wa Butiama, kaka yake mama, ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote, tena msibani, watu wamekaa wanakunywa uji: "Huyu? Atarudi na marashi na jezi ya mpira. Ng'ombe wa watu watakuwa wameliwa na ndege." Wakacheka mpaka wafiwa nao wakacheka. Jirani yake akadai kwamba wazungu wataninusa tu na kunirudisha siku hiyohiyo. Na kule Nyakato, Musoma, kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akinikodisha mashine yake ya kazi. Yeye alisema diploma yangu inafaa kufungia maandazi.

Mimi ni mpima ardhi. Diploma hiyo sikupewa na mtu. Karo niliilipa kwa kufyatua tofali Bweri, palepale Musoma, na kwa kuvuta nyavu za dagaa Kiriba kila likizo, wakati wenzangu wamelala kwa wajomba zao wakisubiri kutumiwa pesa. Lakini mpima asiye na mashine ni kinyozi asiye na mkasi. Nazungumzia ile mashine inayosimama juu ya miguu mitatu na kuangalia mbali kwa jicho moja. Miaka yote nilikodi ya yule bwana wa Nyakato. Alitoza kwa siku, hata siku ya mvua ambayo mashine ililala ndani ya boksi lake. Nikimaliza kumlipa, kilichobaki kilikuwa cha supu na vocha.

Mashine mpya sikuiweza. Nikaona kwenye simu duka moja la London linalouza zilizotumika, kwa bei ambayo ningeifikia kama ndugu wangenishika mkono. Kuagiza bila kuiona sikutaka. Mpima mwenzangu wa Bunda aliagiza hivyo, ikamfikia ikiwa na jicho lililopinda, akapanda mawe ya mpaka katikati ya jiko la jirani. Mpaka leo akipita mtaa ule anapitia nyuma.

Basi nikaenda kukopa. Watu wa kwetu ndivyo walivyo: anakutukana asubuhi, jioni anakufungulia zizi. Usidhani ni huruma. Anataka awepo siku utakapoanguka, na awe na haki ya kusema. Mjomba alinitolea majike wanne, mmoja ana mimba, akaita majirani wawili wawe mashahidi. "Sitaki hela," alisema. "Ng'ombe hukopwaga kwa ng'ombe. Jike kwa jike, na mwenye mimba kwa mwenye mimba." Shangazi yangu wa Kiriba alinipa mbuzi wake wote bila kuita shahidi. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Bunda, niliyekuwa nanunua kwake saruji na nondo, alinihesabia fedha taslimu. Nilipotaja nyongeza akanikatisha: "Mwanangu, nirudishie hichihichi. Cha juu yake ni moto."

Ng'ombe na mbuzi niliwauza mnadani Bunda. Kuanzia hapo hesabu ilikuwa moja: nikirudi bila mashine, shangazi hana mbuzi, mjomba ana maneno ya kusema mpaka anazikwa, na mimi nitamtumikia bwana wa Nyakato mpaka nizeeke.

Viza nilipata. Sikuongopa popote wala sikumpa mtu kitu. London nilipokelewa na kijana niliyesoma naye sekondari Musoma, anayesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini na kuishi katika chumba ambacho kwetu tungefugia kuku, tena tungewaonea huruma. Kesho yake akanipeleka dukani.

Mashine zilikuwa rafuni kama sufuria. Dirishani walikuwa wameweka moja inayong'aa, na muuzaji, mzee mwenye miwani kifuani, akaishika hiyo kwanza. Nikamwambia nataka kuijaribu nje. Alinitazama kama nimeomba kulala na mkewe. Nikatoka nayo hadi barabarani, nikaisimamisha, nikalenga msalaba juu ya kanisa la mbali. Mashine hii ina sura mbili. Unalenga kwa sura ya kwanza, unasoma. Unaipindua, unalenga palepale, unasoma tena. Ikiwa nzima, masomo mawili yatapishana nusu duara kamili. Ile ya kung'aa haikufika hata karibu. Nikairudisha, nikachukua nyingine yenye mchubuko ubavuni, ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Hiyo ilisema kweli, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Nikampa bei yangu, theluthi mbili ya yake. Nilichokuwa nacho kingetosha kulipa yote, lakini ushuru wa forodha ungelipwa na nani? Mzee akaonyesha kikaratasi cha bei kwa kidole. Nikaongeza kidogo. Akaonyesha tena kikaratasi. Basi nikafanya anachofanya kila mwenye akili: nikaaga, nikaondoka.

Sokoni Musoma mteja akiondoka huwa haondoki. Anatembea taratibu, mgongo wake unasikiliza. Muuzaji anamwacha afike duka la tatu, ndipo anampigia kelele, "Njoo basi, leta hiyo hela!" Nikatembea hivyo. Nikafika duka la tatu. Nikafika la tano, nikasimama kutazama viatu vya wanawake dirishani. Nikafika kona. Nyuma yangu kulikuwa na magari tu.

"Kaka, unafanya nini?" mwenyeji wangu akaniuliza.

"Nasubiri aniite."

"Hapa hawaitagi mtu! Ukitoka umetoka. Na leo Ijumaa, anafunga mpaka Jumatatu."

"Basi turudi."

Tukarudi. Mlango umefungwa, taa zimezimwa, na mashine yangu yenye mchubuko imekaa gizani. Niliwadharau watu wale tangu saa hiyo. Mtu anakuja kwako kutoka ng'ambo ya bahari mbili, ana fedha mfukoni, unamwacha apotee kwa sababu ya kikaratasi. Hiyo si biashara, ni uchungaji wa rafu.

Siku mbili zile mwenyeji wangu aliamua kunitembeza, akisema nikikaa nawaza duka nitaugua. Nikayaona hayo maajabu yao. Askari wa jumba la mfalme wamevaa kofia za manyoya na hawaruhusiwi hata kukohoa. Mlinzi wa kiwanda cha samaki kwetu ana rungu, redio na mbwa, na anafanya kazi. Mnara wa saa, watu wamejazana wanaupiga picha, kila mmoja ana saa mkononi na nyingine kwenye simu. Mto wao una rangi ya chai iliyomwagikiwa maziwa. Wakanilipisha kuupanda kwa boti, mimi niliyevuta nyavu kwenye ziwa ambalo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Mitaa yenyewe imepinda kama utumbo, nyumba zimeegemeana kuta, na hakuna njia ya kupitisha gari la zimamoto. Mtu akiniletea ramani ya namna hiyo Bweri namrudishia akalale.

Tukaingia duka kubwa la ghorofa, linalonukia kila kona harufu tofauti. Orodha ya watu wa nyumbani walionituma simu na viatu niliiacha mfukoni, maana sikuwa nimekopa ng'ombe kwa ajili ya miguu ya mtu. Kwenye sehemu ya vyombo nikakuta kikapu cha ukindu, mshono wa kawaida kabisa, hata mpini haukuwa sawa, na bei yake ingenunua mbuzi wawili Kiriba. Mama mmoja amekikumbatia kama mtoto. Nilicheka peke yangu. Nilinunua kitu kimoja tu humo, blanketi la shangazi. Lebo ilisema limetengenezwa kulekule yanakotengenezwa ya soko la Musoma, lakini lilikuwa zito, na usiku wa Kiriba una upepo.

Greenwich ndiko nilikotaka kwenda mwenyewe. Kila mpima amesomeshwa juu ya ule mstari wa longitudo sifuri, unaoigawa dunia mashariki na magharibi. Wameuchora kwa chuma uani, kwenye kituo cha zamani cha kutazamia nyota, na watu wamepanga foleni wakiwa na tiketi ili kusimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Wachumba walikuwa wakibusiana juu yake. Zamu yetu ilipofika nikatoa simu nikasoma GPS. Haikusoma sifuri.

"Simama basi nikupige picha," mwenyeji wangu akasema.

"Picha ya nini? Sifuri haiko hapa."

"Kaka, usiniaibishe mbele za watu."

"Umelipia mstari wa wazee. Huu waliupata kwa kutazama nyota. Satelaiti zilipokuja sifuri ikahama. Nifuate."

Nikatoka nje ya uzio nikielekea mashariki, macho kwenye simu, nikashuka kwenye nyasi ambako hakuna tiketi wala foleni. Sifuri niliipata karibu na pipa la takataka. Kijana mmoja alikuwa akitupa ganda la ndizi humo, hajui kwamba amesimama katikati ya dunia. Mwenyeji wangu alitazama simu yangu, akatazama ya kwake, akatazama foleni kule juu.

"Miaka yote niko hapa," alisema, "nimeleta wageni wangapi pale!"

"Ndiyo maana ya shule," nikamjibu. "Si kufungia maandazi."

Pale kwenye pipa ndipo nilipopata njia. Watu hawa wana vitu na hawajui vinavyosema. Mimi najua. Kwa nini niombe kupunguziwa kama maskini?

Jumatatu nilikuwa mlangoni kabla ya mzee wa miwani kufungua. Mashine ilikuwepo. Sikuitazama hata kidogo. "Bwana," nilimwambia, "hiyo inayong'aa dirishani ina jicho lililopinda. Ukimuuzia mtu akapima nayo mpaka wa nyumba, atarudi na mwanasheria."

Akasema zote zimekaguliwa. Nikamwambia tutoke. Alitoka shingo upande, nikalenga msalaba uleule, nikamwita aweke jicho na asome mwenyewe. Alisoma. Nikapindua, akasoma tena. Miwani ikapanda kutoka kifuani hadi puani. Akaingia ndani akapiga simu, na mwenye duka akashuka kutoka ghorofani, kijana mwenye suti isiyofika vifundoni.

Nikawaambia bei yangu kwa utulivu: nitazipima zote zilizo rafuni, nitawaambia ipi nzima na ipi mgonjwa, nao watanipa ile yenye mchubuko kwa theluthi mbili, pamoja na miguu yake mitatu na kioo cha kulengea. Mwenye duka akataka kuona cheti. Diploma yangu ilikuwa mkobani, imefungwa kwenye nailoni. Aliisoma yote, hata mhuri.

Nilifanya kazi njiani mpaka alasiri, upepo ukinikata masikio, wapita njia wakidhani napima barabara. Mzee alikuwa ananiletea na kurudisha kama mhudumu. Mgonjwa hakuwa mmoja. Tulipomaliza, mwenye duka alinipa mkono na kuuliza nilisomea wapi. Nikamwambia Tanzania. "Aa," alisema, "rafiki yangu anaishi Afrika Kusini." Nikamwacha na ujinga wake. Sikuwa nimekwenda kufundisha jiografia.

Ushuru niliulipa Dar es Salaam kwa kile kilichobaki, kikatosha. Wiki ile ile bwana wa Nyakato alinifuata Bweri, nikiwa kazini, akazunguka mashine yangu mikono nyuma. "Mura, mimi na wewe tungeungana," alisema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu. "Mashine mbili, kampuni moja." Nikamwambia nashukuru, lakini ya kwake naijua: niliilipia mara nyingi kuliko yeye.

Kazi zilikuja. Bweri kila mtu ana kiwanja na kila mtu ana ugomvi, na mawe yangu hayakupandwa jikoni kwa mtu. Wa kwanza kumlipa alikuwa mfanyabiashara wa Bunda. Alihesabu, akapata kilekile, akaniagizia soda. Kisha shangazi, mbuzi kwa mbuzi, na blanketi juu. Alijifunika nalo palepale, mchana wa jua.

Mjomba nilimweka mwisho. Nilikwenda mnadani Bunda mwenyewe, nikachagua majike wanne, na yule mwenye mimba nikampeleka kwanza kwa bwana mifugo ili asije mtu akanibishia tumbo. Nikawapakia kwenye lori hadi Butiama. Mjomba alikuwa amekaa nje. Niliwaita wale mashahidi wawili, nikafungua bodi ya lori, wakashuka mmoja mmoja.

Hakusalimia. Aliwafungua midomo akatazama meno, akapapasa viwele, akamsukuma yule mwenye mimba ubavuni kwa kiganja. Akazunguka tena.

"Huyu mwekundu amekonda," alisema.

"Ulinikopesha ng'ombe, mjomba, hukunikopesha mafuta," nilimjibu. "Jike kwa jike, mwenye mimba kwa mwenye mimba. Ni maneno yako."

"Wangu wangekuwaga wamezaa mara mbili sasa."

Shahidi mmoja akakohoa. "Mzee, hayo hukuyasema siku ile. Sisi tulikuwepo."

Mjomba akamwambia mkewe afungue zizi. Ng'ombe wakaingia, na mwekundu akiwa wa mwisho akakojoa mlangoni. Mashahidi wakatamka kwamba deni limekwisha, nikawapa mikono wote wawili, na mjomba pia. Mkono wake ulikaa ndani ya wangu muda mrefu kidogo.

"Hapa kwangu mpaka wa mashariki una maneno," alisema, akitazama pembeni. "Hiyo mashine yako itafika lini, mura?"

"Siku utakayolipa," nikamwambia. "Nusu mbele. Na safari hii nataka hela."

Akauliza ni kiasi gani. Nikamtajia. Akasema ni nyingi. Nikapanda lori. Dereva alikuwa ameshawasha injini, na tulikuwa tumefika karibu na nguzo ya pili ya umeme niliposikia mjomba akiniita nirudi.