Diski ya Pili ya Fundi Kimya

Mume wangu ni fundi kompyuta, na mtaa mzima unamwita Fundi Kimya. Hawakukosea. Miaka ishirini na miwili tumekula meza moja, na maneno aliyoniambia yanaenea kiganjani. Chumba cha mbele ndicho duka letu: yeye anatengeneza mashine za watu, mimi natoa kopi. Sikusoma. Kompyuta naijua kwa picha zake, kama mtu ajuavyo njia kwa kona.

Tulikuwa na binti mmoja. Alikufa ana miaka tisa, kwa homa ya siku nne. Alipenda kukaa kwenye kompyuta yetu ya dukani akijirekodi sauti. Baada ya mazishi nilimwomba mume wangu aniwekee nimsikie.

"Diski imekufa, Mama Kipusa. Nimeweka nyingine."

Nikaamini. Mtu mliyezika naye mtoto utamshuku vipi? Miaka kumi na miwili nikaamini.

Siku ya Jumanne mume wangu alikwenda kwa mteja. Nikawasha kompyuta. Haikuja skrini ya buluu niliyoizoea. Yakaja maua ya njano, yale aliyoyachagua mwanangu. Saa ya pembeni ilionyesha mwaka ambao yeye alikuwa hajazaliwa.

"Mama Kopi, imeharibika?" aliuliza jirani aliyeleta vyeti vyake. "Mbona umepauka? Umeona jini?"

"Njoo baadaye, shoga."

Nikafunga mlango. Nikabonyeza picha ya kipaza sauti. Ikatoka orodha ndefu, nikabonyeza ya juu kabisa.

"Mama, usiguse! Bado sijamaliza."

Nikaondoa mkono. Ndiyo siku niliyomkuta akijirekodi, nikataka kuzima.

Nikashuka chini kwenye orodha. Chache zilikuwa za mwanangu. Zilizofuata, mamia, zilikuwa za mume wangu.

"Leo mvua imenyesha, mwanangu. Umeshiba?"

Kisha kimya, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kisha akacheka. "Haya, basi. Baba amesikia."

Katika sauti ya mwisho alikuwa akimsimulia bomba letu lililopasuka wiki iliyopita.

Aliporudi alitazama skrini, akaketi.

"Betri ndogo ya ndani imekufa," akasema. "Ikifa, mashine inasahau ianze na diski ipi. Zipo mbili. Hii huwa naichagua mwenyewe, ukienda sokoni."

"Uliniambia imekufa."

"Ungelia kila siku."

"Na wewe ulikuwa ukifanya nini humu, Baba Kipusa? Ulikuwa ukicheza bao?"

Akavuta droo, akatoa betri mfano wa kifungo cha koti, akashika bisibisi. "Niirudishe ilivyokuwa. Wateja wanasubiri."

Nikamnyang'anya bisibisi. "Thubutu! Toka nje."

"Ananisubiri," akasema, na hakuwa akimsema mteja.

"Wewe amekusikiliza miaka kumi na miwili. Leo zamu ya mama yake."

Nikamsukuma nje, nikatia komeo. Nikarudi kitini, nikabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi.

"Mwanangu, ni mama," nikasema. "Usinidhanie nilikusahau. Baba yako aliniambia hupo tena."

Nikasubiri anijibu. Feni ya mashine ilivuma, na maua ya njano yalikuwa yametulia mbele yangu.

Nyuma ya mlango nikamsikia mume wangu akiuliza polepole, "Anasemaje?"

Sikumwambia.