Mama wa Malindi Anataka Matumbawe Meupe

Leo nimefukuza mteja na sijuti!

Nyinyi wote mnajua hapa Wamunyu hakuna mkono kama wangu. Nachonga matumbawe ya mbao, yale mawe ya baharini yako kama maua. Napaka nyekundu, zambarau, manjano. Niliyaona hivyo hivyo na macho yangu, zamani nikiuza vinyago Malindi.

Asubuhi amekuja Mama Zuhura, mwenye huniuzia kwa duka yake huko. Kuangalia kazi ya mwezi mzima, akaguna.

"Mzee Kilonzo, rangi hizi hazipo tena. Bahari imepata joto, matumbawe yamekuwa meupe pe, yanakufa. Wageni wakishazamia, wakija dukani wanasema fundi wangu mwongo."

Mimi? Mwongo?

"Zisugue rangi zitoke," akasema, "nitachukua yote."

Aiee! Watu wachemshe bahari kama sufuria ya githeri, halafu mimi ndio nisugue?

Nikamwambia, "Mama, mimi sichongi maiti."

Ameenda. Kazi yote iko hapa kwa meza, na sasa hata bibi yangu ananiuliza kama kweli niliyaona na rangi hizo.

Mwenye aliyaona aandike hapa chini. Bibi asome.