Kanga wangu kumi na wanne wa Kiganjo walipotea, nikajua ni jirani anawakula

Wakuu, hamjambo. Haya yalinipata hapa Kiganjo na siongezi chumvi, maana aibu yenyewe inatosha.

Niko na shamba yenye kichaka huko chini kwa mto. Enzi za guka, babu yangu, kanga walikuwa wamejaa huko. Nikasema mimi nitawarudisha. Permit ya kufuga ndege wa porini niko nayo, kabla mtu aanze.

Mayai nikapata, lakini kuku wangu hakuna hata moja ilikuwa inaatamia. Jirani yangu Mama Ciru akaniazima yake, ile nyekundu. Ikaangua kumi na wanne, ikawalea vizuri sana.

Walipokomaa nikawaachilia kichakani. Kuku nikamrudishia mwenyewe, na asante nyingi.

Wiki ya kwanza nahesabu tisa. Ya pili, wanne. Halafu zero.

Eh! Nikaokota manyoya ya madoadoa kwa njia ya Mama Ciru. Gate yake, ambayo haifungwangi, sasa iko na kufuli. Na kila jioni ati harufu ya vitunguu zikikaangwa! Huyu mama ananimalizia kanga, nikasema.

Salamu nikakata. Alikuja kubisha kwangu mara mbili, nikazima redio nikanyamaza ndani. Nilijua amekuja kupeleleza.

Hasira ikanishinda. Nikaita mzee wa nyumba kumi na majirani wawili, tukaenda kwake. Nikamwambia mbele yao wote, "Mama Ciru, toa kanga wangu, ama hata mifupa."

Alichukua mahindi akamwaga chini. Kuku nyekundu ikaanza kuita, na kanga wakatoka kwa ua ya cypress wakaifuata. Nilihesabu mara mbili. Kumi na wanne, wakuu.

"Ulinirudishia mama yao," akasema. "Ulitaka watoto waende wapi? Gate nilifunga mbwa wasiwakule. Nilikuja kukuambia, Baba Kim. Mara mbili. Nikasikia ukizima redio."

Mzee akavaa kofia yake akaenda. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Lesson: ukiachilia ndege, mama yao abaki karibu nao. Na mtu akibisha, fungua, hata kama umemshuku.

Mama Ciru alinipatia ile kuku siku hiyo hiyo, bure, na kanga wakaifuata hadi kichakani. Wako huko, wanaendelea poa.

Lakini kufuli bado iko kwa gate yake, na hakuna kanga ndani.

Wenye mmewahi kukosea jirani hivi, mlianzia wapi kuomba msamaha? Niambieni hapo chini, nasoma zote.