Maji Matupu, Nyumbani kwa Mkwe

Mama yangu aliishi zaidi ya miaka sitini karibu bila kunywa maji. Sitii chumvi. Kwetu, juu ya Lushoto, baridi haimkumbushi mtu kiu. Alikunywa chai asubuhi na jioni, na katikati alishinda kwenye kabichi zake bila kugusa kikombe. Ukimpa maji aliyapokea kwa adabu, akalowesha midomo, akakurudishia.

Alipogundulika kuwa na kisukari aliacha kutia sukari kwenye chai siku ileile, na vidonge hakuruka hata siku moja. Nilimnunulia mashine ndogo ya kupimia, akajifunza kujitoboa kidole mwenyewe.

Mwaka jana, likizo ya shule ninayofundisha, tulishuka Mombo kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Joto la Mombo kwa mtu wa milimani ni adhabu. Mama alikaa siku mbili kwenye mkeka, mjukuu mapajani, akikataa kila kinywaji. Nilidhani ni mazoea yake tu. Siku ya pili alasiri aliposimama alipepesuka, nikamdaka. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilimpima sukari: kumi na sita. Nyumbani hakuwahi kufika huko.

Machozi yakamtoka. Alidhani nitamshuku kwamba amekula kwa siri.

"Nimekula kama ulivyoniona," alisema. "Hata chai nimepunguza."

Nikampeleka zahanati. Nesi, mwanamume wa makamo, alimwamkia shikamoo, akambana ngozi ya mgongo wa mkono. Ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akamuuliza ameenda haja ndogo lini. Mama akatazama sakafu. Kisha akaniambia mimi, kwa Kishambaa, jambo ambalo sikulitegemea: angewezaje kwenda chooni kila saa nyumbani kwa mkwe wake, mkwe akimwona akipita? Ndiyo maana hakunywa.

Nilimfasiria nesi. Hakucheka. Alieleza taratibu kwamba maji yakipungua mwilini, sukari iliyomo kwenye damu inabaki katika maji kidogo, kwa hiyo inakolea. Figo zinazotoa sukari iliyozidi kupitia mkojo zinakosa maji ya kuitolea. Na mwili, ukijibana kutunza maji, unatoa kemikali inayoweza kuliambia ini limwage sukari zaidi. Alimpa kikombe, akamwambia anywe kidogo kidogo.

Tulikaa kwenye benchi. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama alikwenda choo cha zahanati, akarudi, akaenda tena. Baada ya saa mbili nesi alimpima: kumi na mbili.

"Nimepewa nini?" mama aliuliza.

"Maji matupu, mama."

Alikigeuza kidole chake, akakitazama. Nimefundisha sura ya figo ubaoni miaka mingi, nikazichora kwa chaki kama maharage mawili, bila kufikiri kwamba usiku na mchana zinafanya kazi ndani ya mama yangu, na kwamba kwa siku mbili zile zilikuwa zikihangaika bila maji, naye ameketi ananyamaza kwa heshima. Nesi alisisitiza kwamba maji hayachukui nafasi ya dawa, na kwamba namba kama ile ikirudi asisubiri, aende zahanati. Nilimsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kile kikombe cha plastiki kitupu.

Jioni mdogo wangu alimnong'oneza mumewe. Shemeji aliaga kwamba anakwenda kulala kwa kaka yake mpaka tutakapoondoka, eti kuna kazi huko. Mama alielewa. Usiku ule alikunywa.

Siku hizi anachemsha maji asubuhi, anayanywa ya uvuguvugu kwa sababu ya baridi, na kidumu kinamsubiri ukingoni mwa shamba. Vipimo hupanda na kushuka, ila kumi na sita hatujaiona tena. Juzi nilimkuta akimweleza jirani habari za figo, amejishika kiunoni kwa mikono miwili.

"Sijawahi kuziona," alimwambia, "lakini naziogopa kama wakwe."