Mikanda Kwenye Tangi la Maji

Kazi yetu ilikuwa kupaka rangi maghorofa ya Kariakoo kwa nje. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyekuwa anashuka na kamba. Mimi nabaki juu ya paa kufunga mikanda inayoishika kamba hiyo, ile mikanda ya nailoni ya kunyanyulia mizigo bandarini. Nilikuwa naivuta na kuirekebisha mpaka yote miwili ibebe sawa, maana mmoja ukilegea, mwenzake anabeba mtu peke yake.

Ijumaa moja tulipewa ghorofa ambalo paa lake halikuwa na nguzo hata moja ya maana. Lilikuwa na tangi kubwa la plastiki, limejaa maji pomoni. Shemeji alilisukuma kwa bega, halikutikisika.

"Shem, hili hata winchi hailing'oi. Funga hapa hapa."

Nikafunga, nikakaza. Simu zetu zote zikabaki kwenye mfuko wangu kama kawaida, kwa sababu simu ikidondoka Kariakoo haikosi kichwa cha mtu. Akapita ukingoni, akashuka.

Kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, na Ijumaa ni Ijumaa. Ghorofa zima lilikuwa linaoga na kutawadha kwa maji ya tangi lile. Nilistuka nilipoona mkanda mmoja umelegea. Nikainama niurekebishe, kumbe mkanda hauna kosa, tangi ndilo limesogea. Nikaligonga. Likalia tupu mpaka chini ya kiuno changu.

Mkanda wenye mtu hauguswi. Hata ningeweza kuufungua, niuhamishie wapi? Nikapiga kelele. Huko chini spika za wauza nguo zinatangaza bei, mara misikiti ikaanza kuadhini kwa pamoja. Sauti yangu hata mimi sikuisikia. Nikawaza kukimbilia ngazi, nigonge milango, niwaambie watu waache kutawadha. Nani angenielewa? Na nikiondoka, tangi atalizuia nani?

Nikakaa chini kati ya tangi na ukingo, mgongo kwenye plastiki, miguu kwenye ukuta. Nikawa nasikia maji yanapungua nyuma ya mgongo wangu. Niliwachukia, Mungu anisamehe, watu waliokuwa wanajiandaa kwenda kuswali. Tangi likanisukuma, magoti yakakunjika. Nikafumba macho nikalia.

Ghafla uzito ukaisha. Kamba imelegea. Nikajua ameanguka. Sikuwa na ubavu wa kuinuka nichungulie.

"Shem, umelala?"

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi, mikono inachuruzika maji. Alikuwa ameingia kwenye roshani ya mama mmoja, akajifungua kamba, akaomba maji ya kutawadha. Nilitaka kumweleza. Nilichoweza ni kusema naumwa, leo hatushuki tena.

Jioni, tukiwa tunakula kwangu, akamsimulia dada yake jinsi alivyonikuta nimeegemea tangi, macho nimefumba, nimejipumzikia kivulini. Alicheka mpaka akapaliwa. Mke wangu hakucheka. Aliweka bakuli chini akanigeukia.

"Sasa wewe, kamba ya kaka yangu alikuwa anaiangalia nani?"

"Mimi," nikamwambia. "Nilikuwa naiangalia tu."