Waziri wa Maafa na Kufuli la Kaka

Mtaani kwetu wifi yangu anaitwa Waziri wa Maafa, kwa kuwa hujiandaa na balaa kabla halijaja. Wanamcheka, naye anawatazama juu ya miwani, anaendelea kukanyaga cherehani. Wifi hana muda wa kubembeleza mtu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mumewe, kaka yangu. Mama yetu amezeeka, anasahau, akitoka anapotea. Basi kaka kila asubuhi alimfungia ndani kwa kufuli la nje, akaenda kazini ng'ambo ya mto na ufunguo mfukoni. Na nyumba yenyewe iko bondeni, mto ukifurika unapiga hodi mlangoni!

"Mvua ikija mchana, nani atamfungulia?" wifi aliuliza.

"Mungu yupo."

"Yupo. Ila ufunguo unao wewe."

Wifi akaomba cherehani ihame kibandani kwake, ije barazani nyumbani, ashone huku akimwangalia mama. Kaka akasema nyumba yake si karakana. Haya! Siku moja kaka akiwa anaoga, wifi akauchukua ufunguo, akaenda mbio kuchongesha wa pili, akarudisha wa kwanza, na huo mpya akampa kinyozi jirani. Akashona mkoba wa vipande vya jinzi, akautundika nyuma ya mlango: dawa za mama, tochi, shuka, chupa ya maji, kitambulisho. Mama akavishwa filimbi shingoni. Aliipuliza wiki nzima, nusura kinyozi amkate mteja sikio.

Kaka alipojua alifoka. "Umegawa nyumba yangu kama peremende!"

"Nimegawa. Na ukibadilisha kufuli, nitagawa tena."

Wallahi, siku hiyo nilimpenda wifi kuliko ndugu yangu wa damu.

Mvua ikaja kweli, mchana kweupe. Mimi na wifi tulikuwa ng'ambo kununua nyuzi. Tulipofika darajani askari walikuwa wameshalifunga, na kaka amesimama pale, kalowa chapachapa, ufunguo kaubana kiganjani. Maji ya kahawia yalikuwa yanapita na milango ya watu.

"Mama yangu," alisema. "Nimemfungia mama yangu."

"Kinyozi ana ufunguo," wifi akamjibu. Lakini hakuyaondoa macho kwenye maji, maana kuwa na ufunguo ni kitu kimoja, kuwahi ni kingine.

Jioni maji yalipopungua tukavuka, tukakimbilia shule ya juu kilimani, walikohifadhiwa watu wa bondeni. Mama alikuwa amekaa kwenye dawati, mkoba wa jinzi mapajani, filimbi mdomoni. Kinyozi aliyembeba mgongoni alikuwa pembeni yake, tope hadi kifuani.

Kaka akapiga magoti. "Mama, ni mimi, mwanao."

Mama akamtazama sana, kisha akamshika kinyozi mkono. "Mwanangu ni huyu," akasema. "Huyu ndiye kanifungulia."

Kaka alilia mbele za watu. Nilidhani wifi atamfariji. Thubutu! Alimnyooshea kiganja.

"Tope likishaoshwa, cherehani inakuja barazani. Na huo ufunguo, lete hapa."

Kaka akampa.